Macho Yaonayo Mengi na Kushika Machache

Katika viungo vyote alivyopewa binadamu hakuna kilichosifiwa na kushutumiwa kwa pamoja kama jicho. Lasifiwa kwa kuwa ndilo mlango mkubwa wa maarifa. Lashutumiwa kwa tamaa yake, maana wahenga walikwisha kusema kwamba macho hayana pazia. Lakini iko hitilafu moja ya jicho ambayo haisemwi sana katika methali wala katika shutuma, labda kwa sababu aliye nayo haioni. Jicho likifunguka mbele ya uwanda mpana, mwenye jicho hudhani kwamba ameupokea uwanda mzima: majani, maji, ndege, moshi wa mbali, na mtu apitaye kando ya mashamba. Akifumba macho mara hiyo hiyo, akaulizwa ameacha nini nje, hutaja vitu vitatu au vinne kwa hakika; vilivyosalia huvitaja kwa kubahatisha. Utajiri ule ulikuwa wa uwanda, haukuwa wa kichwa chake.

Pahali pazuri pa kuitazama hitilafu hii ni bonde la Kilombero katika nchi ya Tanzania. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa kusini-mashariki milima ya Mahenge. Kati yake mto hutambaa juu ya ardhi iliyo tambarare hata maji ya masika yakija hayana njia ila kutapakaa. Mji wa Ifakara umekaa kando ya uwanda huo. Wandamba, Wapogoro na Wabena wa bonde hilo wamelima mpunga na kuvua samaki humo tangu zamani, na mpaka leo mvuvi huingia kwa mtumbwi katika maji yenye mamba na viboko.

Kwa mwenye mtumbwi kiboko ni wa kuogopwa kuliko mamba. Hukaa chini ya maji kwa dakika chache, akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Kwa hiyo kazi ya mpiga kafi si kuwatazama viboko anaowaona; hao wamekwisha kujitangaza wenyewe. Kazi yake ni kuwashika moyoni wale asiowaona: mmoja aliyezama karibu na matete, mmoja aliyezama penye maji meusi, na mmoja aliyeelekea kivuko cha ng'ombe. Kila kiboko aliyezama amekuwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikikosea kwa hatua kumi mtumbwi hupinduliwa. Wakiwa wawili, mpiga kafi husonga mbele bila wasiwasi. Wakiwa watatu au wanne, hupunguza mwendo na kunyamaza. Wakiwa wanane au kumi hawahesabu kabisa. Mgeni aliyeketi katikati ya mtumbwi huenda akauliza, "Shikamoo mzee, wako wangapi pale?" Naye akajibiwa, "Marahaba. Pale ni pao, mwanangu, hatupiti." Mgeni huona kwamba hakujibiwa, maana aliuliza hesabu akapewa mahali. Walakini amejibiwa kwa ukamilifu. Viboko kumi hawawezi kushikwa kichwani mmoja mmoja, bali bwawa moja lenye viboko laweza kushikwa, na nafasi ikabaki kwa mengine.

Jambo ambalo mvuvi hulijua kwa kafi, wataalamu wa Ulaya na Marekani walilijua kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1871 Mwingereza William Stanley Jevons, ambaye watu humkumbuka zaidi kwa elimu ya uchumi, alifanya jaribio ambalo hata mtoto wa Ifakara angeweza kulifanya. Alitwaa maharage meusi, akayarusha bila kuchagua idadi, na mengine yakaangukia ndani ya kisanduku cheupe. Aliyatupia jicho mara moja, akataja ni mangapi, kisha akayahesabu ili ajihukumu. Alirudia mara 1,027. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yalipofika matano makosa yakaanza, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo kutaja kulivyogeuka kubahatisha. Hakuwa na chombo chochote cha thamani. Alikuwa na maharage na uvumilivu, na matokeo yake hayajatupwa hata leo.

Tangu hapo swali likawa: je, jicho ndilo lisiloona zaidi ya vinne, au ni akili isiyoshika? Kwa karibu miaka tisini halikupata jibu zuri, mpaka mwaka 1960 Mmarekani George Sperling alipolijibu kwa werevu unaostahili kuelezwa taratibu. Aliwaonyesha watu herufi kumi na mbili, zilizopangwa katika mistari mitatu, kwa muda ulio mfupi kuliko kupepesa macho, kisha akawataka wazitaje. Wakataja nne, au nne na kidogo. Lakini karibu wote walilalamika kwamba waliziona zote, ila zilitoweka walipokuwa wakitaja zile za kwanza. Mwingine angaliyapuuza malalamiko hayo. Sperling akayasadiki. Alirudia jaribio, na mara herufi zilipoondoka akapiga mlio: mlio wa juu maana yake taja mstari wa juu, wa kati mstari wa kati, wa chini mstari wa chini. Mtu hakujua mapema mlio gani utakuja. Hata hivyo alitaja herufi tatu hivi katika nne za mstari wowote alioagizwa. Basi picha nzima ilikuwapo. Lakini mlio ulipocheleweshwa sekunde moja tu, faida yote ilikwisha, na mtu akarudi kwenye herufi zake nne za kawaida. Jicho hupokea kama mafuriko ya masika. Akili huteka kwa kata, na maji hayamngoji mtekaji.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Steven Luck na Edward Vogel, waliacha herufi wakatumia miraba ya rangi, ili mtu asiweze kuyakariri majina kimoyomoyo. Miraba ilionyeshwa kidogo, ikafichwa kwa muda usiotimia sekunde moja, ikaonyeshwa tena. Pengine mmoja ulikuwa umebadilika rangi. Ikiwa mmoja, miwili au mitatu, watu walijua badiliko karibu kila mara. Kuanzia minne walianza kuteleza, na kufikia kumi na miwili walikuwa wakikisia. Mwaka 2001 Nelson Cowan alikusanya majaribio mengi ya namna hii na kutoa shauri kwamba kiasi cha kumbukumbu ya kazi, yaani ile inayoshika kitu kwa muda wa kukitumia tu, ni vitu vinne au karibu yake. Wasomi waliokuwa wamezoea kuitaja saba ya George Miller, iliyochapishwa mwaka 1956, walipunguziwa mali yao karibu nusu kwa siku moja.

Kitu kimoja ni nini, basi? Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Mtoto anayejifunza kusoma akinakili ubaoni neno "asiyekukumbuka", huinua uso mara nne au tano, kwa kuwa kwake neno hilo ni herufi kumi na nne. Mwanafunzi wa chuo huinua uso mara moja, na katika mtazamo huo huo huchukua maneno mengine mawili pamoja nalo. Kumbukumbu yake haikukua. Mzigo wake umefungwa vizuri. Aliyekwisha kuijua lugha huona katika neno hilo mtenda, ukanushi, urejeshi, mtendwa na kitendo, vyote katika fundo moja. Asiyeijua lugha, hata awe na shahada tatu, atanakili herufi moja moja kama yule mtoto.

Wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya maumbile ya mpaka huu. Kundi moja husema kumbukumbu ya macho ni kama mtumbwi wenye nafasi nne: abiria wa tano hapandi, na walioketi wameketi sawasawa. Kundi jingine, ambalo mwaka 2008 lilipata nguvu kwa kazi ya Paul Bays na Masud Husain wa London, husema ni kama pishi moja ya mchele iliyopikiwa wageni. Wakija wawili hushiba. Wakija wanane wote hupata, lakini kila mmoja hupata kidogo. Kwa maneno mengine, kitu cha tano hakifukuzwi, ila vyote huonekana kwa utusitusi. Kwa Ifakara, ambako mchele ni fahari ya nyumba, mfano wa pili wafahamika upesi. Nao wafanana zaidi na hali ya mpiga kafi, kwa sababu yeye hamsahau kiboko wa tano kama asiyekuwapo. Humjua kuwa yupo upande ule, bila kujua ni matete gani. Walakini palipo na hatari, kujua upande bila kujua mahali ni karibu sawa na kutojua.

Wako wanaosema kwamba wazee wetu walikuwa na kumbukumbu kubwa kuliko sisi, na kwamba kalamu ndiyo iliyoipunguza. Ni sifa njema kwa wazee, lakini yaelekea imewekwa pasipo pake. Mchezaji bingwa wa bao hutazama mashimo 32 na kete 64, naye huweza kusema mtaji utakaozunguka mara kadhaa utaishia shimo gani, kabla mkono wake haujagusa kete. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa namna hiyo huko Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden aliipa jina lenye maana ya mipaka ya akili. Mtu asiyejua bao akimtazama bingwa hudhani kichwa chake kina vyumba vingi zaidi. Katika sataranji jambo hili lilipimwa mwaka 1973 na Wamarekani William Chase na Herbert Simon. Bingwa aliyeonyeshwa ubao wa mchezo wa kweli kwa sekunde tano aliweza kurudisha sehemu kubwa ya vipande mahali pake, mwanafunzi akashindwa. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo, bila mpango wa mchezo, bingwa na mwanafunzi walikaribiana sana. Ubingwa ulikuwa katika kuijua sataranji, haukuwa katika ukubwa wa kichwa. Jambo hili huwatetea wazee na vijana kwa mara moja. Pia huwakanusha wale waliowahi kudhani kwamba asiyepita shuleni amepewa akili ya kushika machache. Mvuvi na profesa wana nafasi zile zile, ila kila mmoja amejifunza kufunga mizigo ya namna yake.

Mahali ambapo elimu haiwezi kuufunga mzigo, binadamu hutafuta chombo. Katika bonde hilo la Kilombero huishi sheshe, swala mwekundu apendaye mbuga za maji. Katika miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba sehemu kubwa ya sheshe wote duniani walikuwa humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda huo kutiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002. Tangu hapo wamepungua sana. Wanyama wa namna hii huhesabiwa kwa ndege ya angani, na mtazamaji huwahesabu wale tu wanaopita kati ya fimbo mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Mmoja, wawili, watatu, hakuna taabu. Likija kundi kubwa ndege haisimami, na mtazamaji hana nafasi ya kuhesabu tena. Mike Norton-Griffiths, aliyefanya kazi hiyo Serengeti na kuandika mwongozo uliotolewa mara ya pili mwaka 1978, alisisitiza kwamba makundi makubwa yapigwe picha, yakahesabiwe mezani kwa utulivu, maana jicho la angani aghalabu hupunguza. Ni ajabu ndogo yenye faraja kwamba jicho likizidiwa na wingi hukosea kwa upande mmoja.

Lakini hesabu ya sheshe ikikosea, sheshe hafi kwa kosa hilo. Hesabu nyingine ya Ifakara ni nzito zaidi.

Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, alifungua Ifakara maabara ndogo ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto. Baada ya mageuzi mengi, maabara hiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Malaria haikuhitaji kutafutwa mbali. Katika kijiji cha Namawala, ndani ya bonde, uchunguzi wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hivyo ikawa kazi ya watu fulani, ambao majina yao hayawi ya kwanza katika makala za kitaalamu, kuketi mbele ya hadubini na kusoma damu ya watoto.

Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, likaoshwa. Chembe nyekundu hupasuka zikatoweka. Husalia chembe nyeupe, kubwa na za zambarau, na vimelea vya malaria, vidogo kama pete, kila kimoja na nukta yake nyekundu na utepe wake wa buluu. Msomaji hutia tone la mafuta, hukaza lenzi, na huona duara moja la mwanga lililokuzwa mara 1,000. Hapo huhesabu vitu viwili kwa pamoja: vimelea, na chembe nyeupe, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Kwa kawaida damu huchukuliwa kuwa na chembe nyeupe 8,000 katika maikrolita moja. Kwa hiyo kila kimelea kilichoonekana husimama badala ya 40. Ikiwa, kwa mfano, mtafiti amepanga kwamba mtoto mwenye homa atahesabiwa kuwa ana malaria akifikisha vimelea 20,000, basi mtoto huyo ahitaji vimelea 500 chini ya lenzi. Msomaji akirukwa na kumi, hupata 490, na 490 mara 40 ni 19,600. Mtoto yule yule, homa ile ile, ametoka katika safu moja ya daftari akaingia safu nyingine.

Sasa duara moja laweza kuwa na vimelea kumi na viwili na chembe nyeupe saba. Hakuna akili ya binadamu inayovishika hivyo kumi na tisa. Kwa hiyo msomaji mzoefu hajaribu. Huligawa duara kwa macho, huchukua vitatu hapa na vinne pale, na kila kinachochukuliwa hukabidhiwa kidole papo hapo. Kidole hubonyeza kihesabio chenye vitufe, hiki cha vimelea, hiki cha chembe nyeupe. Kioo nacho hakisogezwi ovyo. Husogezwa kama mkulima alimavyo, kwenda mpaka mwisho, kushuka tuta moja, kurudi, ili duara lililokwisha kusomwa lisisomwe tena. Maana kukumbuka kwa macho kwamba duara hili limepita, katikati ya madura mia yanayofanana, ni jambo ambalo halitegemewi. Mtu akipiga hodi mlangoni, msomaji huitika, na katika kuitika huko kila kilichokuwa kichwani humwagika. Kilichokwisha kubonyezwa husalia.

Hata hivyo hasadikiwi peke yake. Katika utafiti kioo kimoja husomwa na watu wawili, na wa pili haonyeshwi hesabu ya wa kwanza. Wakipishana kupita kiasi kilichowekwa, kioo hupelekwa kwa wa tatu. Mgeni huenda akaona kwamba huko ni kutoaminiana. Kumbe ni adabu ya kazi, nayo haimdhalilishi mtu, kwa kuwa inayotiliwa shaka si heshima yake wala bidii yake.

Uzito wa adabu hiyo ulionekana mwaka 1993, chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilipojaribiwa katika kijiji cha Idete, wilaya ya Kilombero. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingia katika jaribio, wengine wakipewa chanjo na wengine sindano isiyo na chanjo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1994: chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Dunia ilisikia jina la Idete. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa na upana mkubwa, upande wa chini ukifika sifuri na upande wa juu ukipita nusu. Na majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona faida. Tofauti hiyo haikuletwa na wasomaji wa vioo, na si haki kuwatwika. Waliloweza kulifanya ni kuhakikisha kwamba shaka iliyosalia ilikuwa shaka ya chanjo, isiwe shaka ya macho.

Zahanati nyingi sasa hutumia kipimo cha haraka, ambacho huonyesha mstari mmoja au miwili, na hakuna jicho lisiloweza kuushika mstari mmoja. Lakini kipimo hicho husema ndiyo au la, hakisemi ni vimelea vingapi. Kwa hiyo hadubini haijaondolewa mezani katika utafiti. Katika miaka ya karibuni zimebuniwa pia mashine za kupiga picha vioo na kuhesabu zenyewe. Mashine haichoki, haiitiki hodi, na duara lenye vitu kumi na tisa ni sawa kwake na lenye kitu kimoja. Hufundishwa kwa maelfu ya picha. Na kila picha, kabla ya kupewa mashine, imekwisha kutiwa alama na mtu aliyeinama mbele ya hadubini akichukua vitatu hapa na vinne pale, na baada yake mtu wa pili ambaye hakuonyeshwa alama za wa kwanza.